Vishikizo vya Bunduki ya Nyati

Makurunge,
Jumatano, 2 Agosti 2023

Baba Mwanamkasi, mume wangu,

Mwanao sasa hivi kaingiza mguu ndani ya kiatu chako cha turubai, kaona nafasi imebaki, kaingiza na wa pili humo humo. Sasa kasimama kama mchi kwenye kinu, hawezi kwenda mbele wala nyuma, na anatutazama mimi na mama yako kwa hasira kana kwamba sisi ndio tuliomfunga. Mama kacheka mpaka kanga imemdondoka. Nimetaka uanze na hilo kabla hatujafika kwenye mambo ya vyuma.

Sisi wazima, alhamdulillahi. Mihogo imeshika vizuri. Barua yako nilipewa na dada Adija pale Msata linaposimama lori la kambi, imenuka vitunguu maana aliitia kapu moja na vitu vyake vya supu. Niliisoma mwenyewe kwanza, kisha kwa sauti ili mama asikie, na pale uliponiandikia mimi peke yangu nikaruka. Mama akasema, “Mbona umeruka?” Mama yako haibiwi.

Basi nimeelewa hivi. Bunduki kubwa ya Bwana Mahmoud, mwindaji wenu wa kambini, ile ya nyati, darubini yake ya kulengea haitulii. Vile vyuma viwili vinavyoishika juu ya bunduki, vishikizo, vimechoka kwa teke lake. Kila ikilia, darubini inasogea kidogo, na risasi inakwenda pembeni. Na anayetangulia mbele kufuata nyayo za mnyama ni wewe. Hilo la mwisho hukuliandika, nimeliongeza mimi. Wewe umeandika tu kwamba ofisi ya Dar inaahidi vishikizo vipya tangu mfungo wa Ramadhani, kwamba nimpelekee ba'mkubwa Abdulswamad vile vibovu ulivyotuma na barua avitazame, na kwamba nichague mimi, kwa kuwa huko hakuna mtandao wa kuulizana.

Mimi, Bwanausi. Niliyeishia darasa la saba, na hesabu nilikuwa nikichungulia kwa jirani.

Vibovu nilivipeleka Bagamoyo, na ba'mkubwa aliponiita nikarudi, mwanao mgongoni. Ba'mkubwa yuko kwenye karakana yake ile ile nyuma ya soko, anachonga vyuma vya injini za boti. Juu ya meza kaweka jozi mbili. Ya kwanza aliiagiza dukani Dar, ya alumini, nyeusi inang'aa, na ina kijiti pembeni: ukikivuta, darubini inatoka bila bisibisi. Nyepesi kama ganda la yai. Nikaipenda palepale, nikasema moyoni hii ndiyo ya mtu anayejua. Ya pili alichonga mwenyewe kwa chuma cha pua, haina rangi, nzito, kila pete ina skrubu nne, na chini yake kuna jino linalokaa kwenye mfereji ili teke la bunduki libebwe na jino, si skrubu peke yake.

Nilimuuliza ipi nzuri. Akaibana ile ya alumini kwenye jiliwa, akanipa nyundo. “Piga,” akasema. “Bunduki hiyo ndivyo inavyopiga, na haipigi mara moja.”

Nikapiga kama natwanga kisamvu. Watu wa boti waliokuwa wakisubiri injini yao wakaanza kunitania. Mmoja akaniuliza mume wangu kanikosea nini. Nikapiga tu, na kile kijiti kizuri kikafunguka chenyewe, kikabaki kinaning'inia. Akabana ya chuma. Hiyo niliipiga mpaka mkono ukafa ganzi na mwanao akalia kwa kelele, nayo haikusogea hata upana wa unywele.

“Haya,” akasema ba'mkubwa. “Sasa chagua.”

Kwa hiyo nimechagua. Amesema Bwana Mahmoud atalalamikia uzito, na mwache alalamike. Akavifunga kwenye gazeti, skrubu zake kwenye kitambaa, akaniambia nivifikishe kama vilivyo. Kesho Alhamisi lori la kambi linapanda, dada Adija atamkabidhi Seleman dereva mkononi.

Kuna kitu kidogo nimeongeza mwenyewe nilipofika nyumbani. Sikwambii. Pua yako itakwambia.

Mkeo,
Wahida


Makurunge,
Jumatatu, 7 Agosti 2023

Bwanausi,

Zioshe zile skrubu kwa petroli. Zote, moja moja, mpaka zikauke, kisha ndipo zifungwe. Kama zimeshafungwa, zifunguliwe. Nimeandika hili juu ili kama utaitwa kabla ya kumaliza kusoma, uwe umelipata.

Leo nilimpelekea ba'mkubwa mkungu wa ndizi kumshukuru. Nikamwambia kwa furaha kabisa kwamba nilipofika nyumbani nilifungua kile kitambaa, nikazipaka skrubu zote mafuta ya nazi. Yale ninayopaka nywele, niliyoyapika mwenyewe. Nilizichovya, nikahakikisha yameingia kila mfereji. Wewe unajua kwetu. Kisu kinapakwa, bawaba inapakwa, cherehani cha mama kinapakwa kabla ya mtoto kupakwa, la sivyo chumvi ya hewa inavila. Niliona chuma kinakwenda safari ndefu bila mafuta nikakionea huruma.

Ba'mkubwa aliiweka tupa chini. Angenigombeza ningepumua. Aliniketisha. Akasema, “Mwanangu, skrubu ya bunduki inashikwa na ukavu wake.” Akanieleza kwamba ikiwa na mafuta itakazika, tena itakudanganya imekazika sana, lakini kila teke la bunduki linailegeza kidogo, kidogo, na mkono hauoni. Ndiyo maana huoshwa kwa petroli na kutiwa gundi yake. Hakuniambia kwa kuwa aliona kusema “kama vilivyo” kunatosha. Kwa mtu mwingine kungetosha.

Nimepiga simu yako, nimepiga tena, yule mwanamke wa mtandao ananijibu yeye. Nikapiga ofisi ya Dar, kwa kuwa wao wana redio ya kuzungumza na kambi. Alipokea binti mmoja mpole. Akaniuliza skrubu za nini, nikamweleza, akaniuliza mimi ni nani kazini, nikasema mke wa Bwanausi mfuata nyayo. Akasema sawa dada, ujumbe umefika. Sikusikia kalamu ikiandika.

Nikaenda Msata. Lori Alhamisi hii linashuka, halipandi. Litapanda Alhamisi inayofuata. Nikamwambia dada Adija nipande basi mimi mwenyewe mpaka Handeni, akaniuliza kutoka Handeni hadi kambini nitapanda nini, maana huko haliendi gari jingine ila lile lile. Akaniuliza na mtoto nitamwacha na nani ilhali bado ananyonya. Nikamsaidia kumenya viazi.

Basi nakuandikia barua nikijua itakaa kapuni na vitunguu. Lakini Bwana Mahmoud ni mtu wa kazi yake. Ataziosha bila kuambiwa. Nimejiambia hivyo njia nzima na karibu nimeamini.

Wahida


Kambini,
Jumanne, 8 Agosti 2023

Mama Mwanamkasi, kipenzi,

Salamu kwa mama, mwambie namwamkia, shikamoo yake mkononi. Mbusu mwenye kiatu. Mwambie kile kingine kiko huku, aje akifuate.

Mzigo umefika. Kosa nililolifanya ni kuufungua mbele ya watu. Kitambaa kilipofunguka tu, harufu ya nywele zako ikasimama katikati ya kambi kama umeshuka wewe kwenye lori. Wapishi hawakunihurumia. “Bwanausi kaletewa skrubu au kaletewa mke?” Mpaka leo nikipita jikoni wananiuliza skrubu zangu zimeamkaje.

Bwana Mahmoud alikipima kimoja mkononi, akalalamika uzito kama ba'mkubwa alivyosema, kisha akakigeuza akaliona lile jino la chini. Halafu akaniuliza nani kachagua. Nikasema mke wangu. Akasema, “Mshukuru.” Huyo mtu huwa hasemi hata “karibu”.

Sasa nikwambie la siri. Aliniagiza nizioshe skrubu kwa petroli kabla hajazifunga. Nikaenda nyuma ya stoo na galoni. Wahida, nilishindwa. Huku tunanuka moshi, damu na mbung'o, ninyunyize petroli juu ya harufu ile? Nikazifuta tu kwa kitambaa, kitambaa nikakitia mfuko wa shati, hapa kilipo. Nikampelekea nikasema tayari. Akazifunga, bisibisi ikafika mahali ikagoma, akasema zimeshika kama kupe. Tukaenda kwenye shabaha. Risasi zote zikaangukia mahali pamoja, ungeweza kuzifunika kwa kifuniko cha chupa. Kwa hiyo usihangaike tena na bunduki. Umeiponya.

Na jambo jingine la kukupumzisha: siku hizi sitangulii mbele. Nimewekwa nyuma, nabeba maji ya wageni. Wiki ijayo anakuja mgeni wa kuwinda nyati, nami nitakuwa nyuma kabisa, kama bibi harusi.

Wako,
Bwanausi


Makurunge,
Ijumaa, 11 Agosti 2023

Bwanausi,

Barua yako imeshuka na lori jana. Nilimsomea mama. Pale pa skrubu na mke alicheka sana, akaniomba nirudie, nikarudia. Pale pa petroli nikaruka. Mara hii hakuniuliza, alinitazama tu.

Nikatoka nje nikaenda kwenye mihogo. Nilitaka kukasirika na wewe na sikuweza, maana hata mimi nimelala na shati lako tangu ulipoondoka na sijalifua.

Zioshe. Kama unanipenda, imwagie petroli hiyo harufu yangu. Nitakupikia mafuta mengine, nitakujazia chupa nzima ukipake hata kitanda.

Nimepiga ofisi tena, yule binti hayupo, yupo mwingine, nimeanza upya kumweleza skrubu ni nini. Barua hii naitia bahasha moja na ile ya Jumatatu, zitapanda Alhamisi. Wewe uliandika “wiki ijayo” bila siku. Namwomba Mungu mgeni wako achelewe. Wageni si huchelewa? Ndege huharibika, mizigo hupotea. Mwanao tangu asubuhi anakiita kile kiatu “baba”.

Hilo la kuwekwa nyuma nimelifurahia sana. Nimeamua kuliamini.

Wahida


Handeni,
Jumanne, 22 Agosti 2023

Kwa Bi Wahida,

Assalaam alaykum. Bwanausi yu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua barua yenye mwandiko wa mtu mwingine husomwa vipi.

Nimechelewa kukuandikia, uniwie radhi. Nilitaka kwanza niwe na neno la uhakika, na mpaka sasa sinalo.

Jumanne ya wiki iliyopita tulimkuta nyati dume ng'ambo ya bonde. Mgeni alipiga kwa bunduki yangu. Ilikuwa risasi nzuri, mkono wake ulikuwa imara, nilimwona. Ilikwenda kombo, ikampata mnyama tumboni badala ya bega, akaingia kichakani na jeraha. Mnyama wa namna hiyo haachwi, hufuatwa. Bwanausi alitangulia mbele kama kawaida yake, sijawahi kumweka mahali pengine. Nyati alikuwa amezunguka na kutungojea. Pembe imempata pajani. Nilimmaliza yule mnyama, lakini baada ya hilo, si kabla.

Tulimkimbiza hospitali hapa. Wamemshona, mfupa haukuvunjika, ila kidonda kimeingia uchafu na homa inapanda na kushuka. Kalamu haimkai mkononi.

Niliikagua bunduki. Skrubu za nyuma zilikuwa zimelegea, tena zina utelezi. Nilimuuliza akiwa kwenye gari. Akaniambia ni yeye aliyezipaka mafuta ya nazi, desturi ya watu wa pwani, kisha akasahau kuziosha. Sikufichi, nimeudhika. Miaka yote hii sijamwona akisahau kitu. Ofisi nayo imesema hatafuata nyayo tena wala kugusa silaha katika kambi yao, na sikuwa na neno la kumtetea, kwa kuwa mwenyewe amekiri.

Barua zako zilifika na lori, yeye akiwa tayari hospitali. Si desturi yangu kufungua barua ya mke wa mtu. Nazirudisha ndani ya hii kama zilivyo.

Jumamosi tutamleta nyumbani kwa gari la kambi, ameshikilia hivyo na daktari amekubali kwa shingo upande. Homa ikitulia atakaa mbele na dereva. Isipotulia itabidi alazwe nyuma. Sitaki kukuahidi lolote. Muombee.

Mahmoud


Makurunge,
Jumamosi, 26 Agosti 2023

Kwa Bwana Mahmoud,

Shikamoo. Wa alaykum salaam. Barua yako imefika, na zangu ndani yake.

Mwanangu amekalia kigoda sasa hivi na amegoma kuondoka. Nilimtoa, akarudi, kakikumbatia kwa miguu yote miwili. Kigoda hicho mama mkwe wangu Bi Mwaija amekiweka mlangoni tangu alfajiri, na pembeni yake ameegemeza mkeka umekunjwa. Hakunieleza, nami sikuuliza, lakini vyote viwili naelewa ni vya nini. Bwanausi akiweza kushuka, atakanyagia kigoda, maana gari lenu ni refu. Akishushwa amelala, mkeka. Tumekaa tunavitazama. Hatuna kazi nyingine ya kumfanyia. Ndiyo nikaona nikuandikie wewe, barua nitampa dereva arudi nayo.

Mafuta hakuyapaka yeye. Nimeyapaka mimi, hapa, kwenye baraza hii ninayoandikia. Ba'mkubwa wangu aliyechonga vyuma aliniambia nivifikishe kama vilivyo, mimi nikaviongezea. Niliogopa kutu. Kwetu kutu ndiyo adui, Bwana Mahmoud, sikujua kwamba kuna chuma kinachotaka kuachwa kikavu. Nilipojua niliandika, na barua ndizo hizo ulizonirudishia. Nilipiga na ofisini. Nakutumia hizo barua tena, mara hii zifungue, nimekupa ruhusa mimi mwenye nazo. Utaona tarehe.

Ni kweli hakuziosha. Hilo sitalikataa, aliniandikia mwenyewe. Hakusahau. Alishindwa, kwa sababu ya harufu, na kitambaa kama hamkukitupa kipo mfuko wa shati lake. Sijui jambo kama hilo linaelezwaje ofisini. Mimi nimejaribu kulieleza kwa mama mkwe, akasema, “Baba yake alikuwa hivyo hivyo,” akaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Sikuandikii ili arudishwe kazini. Kusema kweli ningefurahi asirudi kabisa. Lakini nyayo anazijua yeye kuliko kitu chochote, na nisingependa watu waseme Bwanausi ni mzembe wa bunduki mpaka mwanangu anakua anasikia. Aliniambia siku hizi anakaa nyuma kubeba maji, kumbe ulikuwa uongo wa kunipumzisha. Na kwako akasema mafuta ni yake, uongo mwingine wa kunipumzisha. Mimi sina pa kuuweka uongo wote huo. Akifika najua nikianza tu kumwambia atacheka, atauliza habari za mihogo. Kwako wewe hawezi kunikatiza.

Ukitaka kuvitoa vile vishikizo usivitoe. Ni vizuri. Nilivipiga kwa nyundo mimi mwenyewe. Zioshe skrubu tu, na ukimaliza naomba uwaambie wenye kampuni kwamba yule mfuata nyayo

Mama ananiita kutoka barabarani. Gari limesimama. Anasema mkeka niuache, nimwondoe Mwanamkasi kwenye kigoda nikilete upesi, maana baba yake ameshafungua mlango wa mbele mwenyewe na anataka